Nazi Mbili za Wasiwasi

Chamazi, Dar es Salaam
6 Oktoba 2024

Shangazi Mwanaheri,

Shikamoo. Sie huku wazima, ila vumbi la Chamazi limetuzidi, na mvua za vuli bado zinaturingia. Mume wangu Faraji anakusalimu. Bajaji yake ilikuwa mbovu wiki nzima, sasa imerudi barabarani na yeye amerudi kucheka. Jana kulikuwa na mechi hapa uwanjani, makelele yakatuingia mpaka jikoni.

Shangazi, tangu Jumatatu nakupigia simu hupokei. Jana ndipo Mbwana, yule kondakta wa basi la Mtwara, akaniletea maneno yako: kwamba simu yako sasa ni ya misiba na harusi tu, na wasiwasi wangu nikuandikie kwa kalamu, yeye atabeba bahasha na kukushushia Mingoyo. Nilidhani ananitania. Akaniambia, "Bi mkubwa kahesabu, siku moja umempigia mara kumi na nne." Nimeona haya, na nimekasirika kidogo pia.

Haya, naandika. Najua habari za Tandale zimeshakufikia, lakini bora uzisikie kwangu. Tangu mama afariki mwaka jana, masufuria yake ya shughuli ninayo mimi, na watu wakawa wananiita niwapikie kama walivyokuwa wakimwita yeye. Mara tatu nilipika vizuri. Ya nne ilikuwa hitima ya mzee mmoja Tandale, pilau ya kilo ishirini na tano. Maji yalipokauka nikapunguza moto chini, nikapalia makaa juu ya kifuniko kama mama alivyonifundisha, nikakaa. Kisha nikaanza kuwaza. Makaa yametosha kweli? Au yamezidi? Nikafunua kuangalia. Nikafunika, nikawaza tena, nikafunua tena. Labda mara tisa, labda zaidi. Mvuke wote ukaishia hewani. Wali ukapakuliwa una kiini kigumu katikati, na chini umeungua. Watu walikula kimya kwa heshima ya marehemu. Heri wangenisema.

Tangu siku hiyo kichwa changu hakitulii. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia kama jiko nimelizima, nikifika kituoni narudi tena. Nikituma ujumbe nausoma mara kumi nione kama nimemkosea mtu, na asipojibu najua amenuna. Chakula hakipiti.

Sasa Bi Rukaiya wa Kinondoni anamuoza binti yake Najat tarehe nane Februari, watu mia nne, na anataka nipike mimi. Anasema mama ndiye aliyepika kwenye harusi yake yeye. Anataka jibu kabla mwaka haujaisha. Mimi nataka kumwambia hapana, na masufuria niyagawe kwa wenye moyo. Niambie nifanye nini, na tafadhali jibu haraka.

Mwanao,
Munira


Mingoyo, Lindi
15 Oktoba 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba, na marahaba nyingine kumi na nne za kwenye simu. Mie mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Korosho zimeanza kuanguka. Jirani yangu Gervas, yule mchonga vinyago, ananisaidia kuokota, na mie namtilia samaki. Kila Alhamisi nakausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba, siku hizi hata vinyago vyake vinanukia kibua.

Uliniomba nijibu haraka. Barua yako niliipata tarehe kumi, nikaiweka chini ya mto siku tano kwa makusudi. Sasa nikuulize: yale uliyokuwa unayaogopa siku unaandika, mangapi yametokea? Nyumba imeungua? Aliyenuna amenuna kweli? Ndiyo maana nimekutoa kwenye simu. Simu inapokea hofu ikiwa bado inachemka. Barua inaipa muda wa kupoa, na hadi ifike huku nusu yake imeshajijibu.

Kuna methali ambayo mama yako, wifi yangu, asingeniruhusu niiandike: kuchamba kwingi, mwisho wake unaujua. Ndiyo iliyokukuta Tandale. Hukuharibu kwa uzembe, uliharibu kwa kuangalia mno.

Wasiwasi haufukuziki, mwanangu. Ukiuambia toka, unakaa kitako. Basi upe saa yake. Kila siku baada ya alasiri kaa juu ya mbuzi ya kukunia, uwe na nazi mbili. Ukiwa unakuna, waza yote. Nyumba iungue, Bi Rukaiya akusute mbele za watu, waza bila aibu. Nazi zikiisha na wasiwasi umeisha, inuka ukamue tui. Ukikujia asubuhi uambie: subiri, nazi zako ni alasiri. Nazi mbili tu, usinidanganye.

Na moyo ukienda mbio, pumua kama unavyopuliza makaa. Unajua ukipuliza kwa pupa majivu yanakurudia machoni. Vuta taratibu, toa taratibu zaidi ya ulivyovuta, mara kumi. Kisha nenda zahanati wakupime, maana si kila kinachodunda ni mawazo.

Usigawe sufuria hata moja.

Shangazi yako,
Mwanaheri


Chamazi
3 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mvua zimefika, njia ya kwetu imekuwa tope, na Faraji anaegesha bajaji kwa jirani. Anakusalimu na ana malalamiko. Anasema tangu barua yako tumekula maharage ya nazi, mchicha wa nazi, wali wa nazi, na juzi akakuta tui kwenye mihogo, akauliza, "Mke wangu, wasiwasi wako hauwezi kukaa kwenye kitunguu?"

Siku ya kwanza nilikuna nazi nne, nakiri. Siku ya pili tatu. Sasa ni wiki ya pili niko kwenye mbili. Sijui hata nieleze vipi. Nikiwa juu ya mbuzi nawaza kwa nguvu zote, na nikifika nazi ya pili hofu inaanza kunichosha, inarudia maneno yale yale kama mtu aliyelewa. Lakini asubuhi bado inabisha hodi. Kuna siku naiambia isubiri, inasubiri. Kuna siku haisubiri.

Zahanati nimekwenda. Presha nzuri, damu nzuri. Muuguzi alinisikiliza vizuri, akasema hii ni hali inayowapata wengi, na ikizidi nisione aibu kurudi, kuna mtu wa ushauri anayekuja kila Jumatano. Nimeshaonana naye mara moja. Naye aliniambia mambo ya kupumua, nikamwambia shangazi yangu ameshanipa na makaa yake.

Sasa nina ombi. Mama alikuwa akisimulia kwamba wewe na yeye mlipika pamoja miaka kumi, na watu wakashangaa mawifi wawili kushika sufuria moja bila kugombana. Alisema hukuwahi kuharibu hata moja. Njoo, shangazi. Njoo ukae kando yangu siku hiyo, hata bila kushika mwiko. Ukisema unakuja, kesho yake nakwenda Kinondoni kumpa Bi Rukaiya jibu la ndiyo.

Munira


Mingoyo
20 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku heri. Mpe Faraji pole ya mihogo, na umwambie mwanaume anayelalamikia nazi pwani atafute mke bara.

Nimefurahi kusikia umefika mbili. Sasa nakupa jingine, la zile asubuhi ambazo haisubiri. Chukua karatasi, uyachambue mawazo kama unavyochambua mchele kwenye sinia. Unayoyajua, uliyoyaona kwa macho au kuambiwa kwa mdomo, weka upande huu. Uliyoyatunga weka kule. "Bi Rukaiya hajanipigia" ni mchele. "Bi Rukaiya amenidharau" ni jiwe, umelitia mwenyewe. Na mawe usibishane nayo. Mtu hagombani na jiwe la mchele, analitoa, analitupa, anaendelea.

Kuhusu kuja, tuone. Unajua moshi wa kuni ndio ulionitoa Dar, kifua changu hakiuwezi. Halafu korosho bado ziko chini. Na kuku nani atawalisha? Na kwenye basi magoti yanaganda. Tuone, Mungu akipenda.

Mpe Bi Rukaiya jibu lako wewe, si langu.

Shangazi


Chamazi
1 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sie hatujambo.

Nimefanya ulivyosema, nimechambua, na nilianza na barua yako. Unisamehe kwa ujeuri. Umenipa sababu nne za kutokuja: kifua, korosho, kuku na magoti. Mtu mwenye sababu ya kweli huwa nayo moja. Korosho mwezi wa pili zitakuwa zimekwisha. Kuku Gervas atawalisha. Na kifua, shangazi, uliniandikia kwa mkono wako kwamba kila Alhamisi unakausha samaki kwa moshi.

Kwa hiyo kwenye mchele nina moja tu: shangazi hataki kuja. Kwa nini hataki, nina mawe mengi sana. Kwamba unanionea haya kwa sababu ya Tandale. Kwamba uligombana na mama na hamkunieleza. Kwamba unaumwa na unanificha. Nimeyaweka kando, lakini ni mazito. Nitolee japo moja.

Mwanao


Chamazi
29 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo popote ulipokaa kusoma hii.

Wiki nne hujanijibu. Mbwana namuuliza kila akishuka. Jibu lake ni lile lile: "Yupo, mzima wa afya. Nikisimamisha basi ananyanyua mkono anasema kesho, ila bahasha hana." Basi najua upo, unatembea, na una neno ambalo bado halijaandikika. Mengine siyajui. Nimekaa na kutojua wiki nne, na sijakupigia hata mara moja. Nakuambia hili kwa sababu najivunia, na sina mwingine wa kumwambia atakayeelewa ni kazi kubwa kiasi gani.

Jana nilikwenda Kinondoni. Nilipofika mlangoni kwa Bi Rukaiya nilipita, nikaenda mpaka dukani mwisho wa mtaa, nikanunua kiberiti nisichokihitaji, nikarudi. Nikamwambia ndiyo, nitapika. Nikamwambia na ya Tandale pia, asije akayasikia kwa watu. Akasema anayajua tangu siku ile ile. Akasema mama yangu aliwahi kutia chumvi mara mbili kwenye shughuli ya mtu mzito, wakanywa maji mpaka visima vikalia.

Mama hakuwahi kunisimulia hiyo.

Kwa hiyo nimekubali bila wewe, shangazi. Lakini kiti chako nitakiweka.

Munira


Mingoyo
9 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mbwana amesimama hapa mara nane, na mara zote nane nikamwambia kesho, na bahasha ilikuwa tupu. Mganga hajigangi. Leo nimekuna nazi, nimemaliza, nakaa naandika.

Sikuondoka Dar kwa sababu ya moshi.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa na harusi Kinondoni, masufuria sita, yote yakatoka salama. Watu wakatusifu. Mie nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Nilikuwa natapika kabla ya kila shughuli, miaka yote kumi, na wifi hakujua, au nilidhani hajui. Siku ile nikatapika na baada. Nikajiuliza: likiharibika naogopa, likitoka vizuri naogopa linalofuata, sasa raha yake iko wapi? Wiki ile ile nikamwambia mama yako kwamba daktari amenikataza moshi. Hakuna daktari. Akanifungia maandazi ya safari. Nikamwacha na masufuria yote peke yake.

Nilipokuja kumzika nilikaa na wanawake sebuleni siku tatu. Jikoni sikuingia. Nilikuona umeshika mwiko wake, nikageuza uso.

Unasema sikuwahi kuharibu sufuria. Sikuharibu kwa sababu niliacha kupika. Wewe umeharibu moja, ukaaibika, ukaenda kusema ndiyo kwa watu mia nne. Kati yetu wawili sijui nani amfunze mwenzake. Zile nazi mbili nilizigundua hapa Mingoyo, peke yangu, nikiwa nimeshamkosa wifi yangu. Zingenifaa zaidi kule.

Sikuonei haya, hilo jiwe lako la kwanza litupe. Najionea mwenyewe. Nataka kuja na naogopa kukaa karibu na kifuniko. Ndiyo sababu yangu, na ni moja.

Nisamehe.

Mwanaheri


Chamazi
19 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimesoma barua yako nikalia, Faraji akaniuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, kuna mtu amerudi.

Nina kitu cha kukuambia ambacho sikukuambia kwa sababu sikukielewa. Ndani ya sufuria kubwa kuliko zote mama alikuwa anahifadhi mwiko mmoja, ameufunga kwenye kipande cha kanga. Haukupikiwa. Siku moja nikiwa msichana niliuchukua kukorogea uji, akanichapa nao huo huo. Nikamuuliza wa nani. Akasema, "Wa wifi. Hakukimbia moshi yule, amekimbia kifuniko. Akichoka kukimbia atarudi, na akirudi asikute mwiko wake unanuka mchuzi wa mtu mwingine."

Nilidhani ni utani wenu wa mawifi. Alijua, shangazi. Alijua miaka yote na hakukununia hata siku moja. Mwiko upo, nimeufungua leo nikaufunga tena.

Sasa nakurudishia dawa yako. Mbwana anakushushia nazi mbili pamoja na bahasha hii, ni za kutoka Chamazi, ndogo lakini tamu. Kaa juu ya mbuzi, uogope kwa haki. Alhamisi tarehe sita Februari atakuwekea siti ya dirishani, ya mbele, unyooshe magoti. Zikiisha nazi ukaona huwezi, usije, na sitanuna. Nitapika. Wali uwe na kiini au usiwe na kiini, nitapika. Lakini nakutaka uwepo.

Mwanao,
Munira


Mingoyo
18 Februari 2025

Mwanangu Munira,

Nimefika salama, magoti hayakuganda. Kuku wote wazima, Gervas amewalisha mpaka wamekuwa wavivu. Ramadhani hiyo iko mlangoni, Mungu atufikishe.

Tulipoagana pale stendi hatukusema chochote cha maana, tukawa tunagombana nani abebe kikapu. Basi niseme hapa.

Ile Jumamosi, masufuria manne yamepangwa uani kwa Bi Rukaiya, makaa juu ya kila kifuniko, ndani wanapiga vigelegele. Wewe umekaa kwenye kigoda na saa ya Faraji kiganjani, umesema dakika arobaini. Mie nina mwiko wangu mapajani. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa salama. Kisha nikaanza kuwaza lile sufuria la tatu, la upande wa ukutani. Upepo ulikuwa unapita pale. Makaa yangepoa. Mkono wangu ukaenda wenyewe, mwanangu, miaka kumi na tisa na bado uliijua njia. Vidole vilishafika kwenye kifuniko.

Hukunikemea. Uliushika mkono, ukauleta mapajani pako, ukaendelea kuangalia saa. Na kiganja chako kilikuwa kimelowa. Jasho lile lile lililokuwa kwenye changu. Nilikuwa nimekuja nikidhani nitamkuta Munira aliyepona, ambaye haogopi tena. Nikamkuta anayeogopa kama mie, ila hafunui. Dakika ishirini tulikaa vile, vidole vikaniingia ganzi, sikutaka uniachie.

Na lile la tatu lilishika chini kweli, tusidanganyane. Tumekula ukoko wake mimi na wewe nyuma ya jiko, na watu mia nne hawakujua. Sijala kitu kitamu kama kile tangu wifi yangu afariki. Kabla ya safari nilipita kwenye kaburi lake nikamwambia mwiko nimeupata.

Sasa nisikilize. Gervas anamuoza binti yake Anna baada ya Pasaka, Jumamosi tarehe ishirini na sita Aprili. Juzi alikaa hapa kibarazani akaniuliza kama namjua mtu wa kuaminika wa kupika pilau ya watu mia na hamsini. Miaka yote hii ananijua kama mwanamke wa samaki. Nikamwambia namjua.

Ningeweza kukupigia simu, maana hii ni habari ya harusi. Lakini nimeona nikuandikie, nawe uiweke chini ya mto siku tano kabla ya kujibu. Mie nimeshaanza kuogopa tangu juzi. Leo nimekuna mbili, nikatamani ya tatu, nikaiacha.

Kiti chako kitakuwa kando ya changu. Njoo unishike mkono.

Shangazi yako,
Mwanaheri